Mfalme wa miezi kumi na mmoja katika vibweta vya Gusii

Wapenzi wa sarafu kongwe wana tabia moja ya ajabu. Wafalme waliotawala miaka mingi, wakajenga majumba na kushinda vita, hawawashughulishi sana. Roho zao huwa kwa wale waliokalia kiti muda mfupi kisha kikapinduka. Sababu yake si mapenzi wala huruma, ni hesabu. Mfalme aliyetawala miaka arobaini aliacha sarafu nyingi kama mchanga wa pwani. Aliyetawala miezi michache aliacha kidogo, na kilicho kidogo hugombewa.

Huko Uingereza mfano unaotajwa sana ni wa Richard wa Tatu. Alishika ufalme mwezi Juni 1483, akauawa vitani Bosworth mwezi Agosti 1485. Sarafu zake za fedha, hususan zile za thamani ya peni nne, baadhi yake zina alama ndogo ya kichwa cha nguruwe mwitu, mnyama aliyekuwa nembo ya mfalme huyo. Kipande kimoja kizuri huuzwa kwa maelfu ya pauni. Kabla yake alitangulia mpwa wake, Edward wa Tano, aliyeitwa mfalme kwa majuma kumi na moja tu, na hata wajuzi wangali wanabishana ni sarafu zipi zihesabiwe kuwa zake.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: mambo hayo ya Wazungu wa kale yatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba sisi nasi tunaye mfalme wa namna hiyo. Hakuwa wa kuchaguliwa nasi wala hakutuuliza, lakini jina lake lilipita mikononi mwa babu zetu, Mombasa hadi Unguja, Kampala hadi Dar es Salaam, na mpaka leo linalala katika vibweta na mikebe ya kahawa kwenye vilima vya Kisii na Nyamira. Mfalme huyo ni Edward wa Nane.

MFALME ALIYEKIMBIA KITI

Edward alirithi ufalme tarehe 20 Januari 1936, babake, George wa Tano, alipofariki. Hakuwa mgeni wa nchi hii. Mwaka 1928, akiwa bado mrithi wa ufalme, alishuka Mombasa na kwenda bara kuwinda, safari iliyokatizwa na habari za ugonjwa wa babake. Akarudi tena mwaka 1930. Mara zote mbili alikuja kutafuta wanyama, wala si kujua hali za watu.

Ufalme wake uliharibika kwa ajili ya ndoa. Alitaka kumwoa Bibi Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kupewa talaka na mume mmoja na alikuwa katika kuachana na wa pili. Serikali na kanisa la Uingereza vilikataa katakata. Edward akatiwa njia panda: kiti au mke. Akachagua mke. Tarehe 10 Desemba 1936 alitia sahihi hati ya kujiuzulu, na siku ya pili yake ikawa sheria. Nduguye mdogo akatawala kwa jina la George wa Sita, na hata siku iliyokuwa imepangwa ya kumvika Edward taji, 12 Mei 1937, akaichukua nduguye huyo.

Kwetu sisi watu wa pwani kisa hiki kina ladha yake. Mwanamke aliyeachwa akamaliza eda yake ni huru kuposwa na yeyote, awe mvuvi au sultani, na hakuna kiti kitakachotikisika kwa sababu hiyo. Wazee wa Mombasa waliosikia habari zile wakati huo bila shaka walitazamana wakashangaa: dola kubwa kama ile, jua halitui juu yake, na talaka mbili zinaipindua.

TAJI JUU YA TUNDU

Sasa tuje kwenye sarafu zenyewe. Mfalme mpya anapokaa, sarafu mpya hutengenezwa. Kule kwao Uingereza kazi hiyo ilikwenda polepole kwa sababu ya sura. Ada ilikuwa kila mfalme atazame upande ulio kinyume na wa mtangulizi wake. Edward akaikataa ada hiyo, akitaka itolewe ile nusu ya uso aliyoipenda mwenyewe. Majadiliano yakaendelea, mwaka ukapita, na alipojiuzulu hapakuwa na sarafu yake hata moja iliyotolewa kwa matumizi ya watu wa Uingereza. Zilizopo ni za majaribio, chache mno. Mwaka 2020 pauni yake moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni moja.

Katika makoloni mambo yalikuwa mepesi. Senti tano na senti kumi za Afrika ya Mashariki hazikuwa na sura ya mtu. Zilikuwa za shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, zimetobolewa katikati, na mfalme alitajwa kwa jina tu. Kubadilisha jina ni kazi ndogo kuliko kuchonga uso. Basi, wakati mafundi wa London wangali wanapima pua ya mfalme, senti zake zilikuwa zimekwisha pigwa kwa mamilioni na kutumwa katika nchi zetu. Afrika ya Magharibi, Fiji na New Guinea nazo zilipata sarafu zao zenye tundu na jina la Edward.

Ukiishika senti kumi ile utaona ni pana, kama sentimita tatu hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja kuna taji juu ya tundu, na maandishi ya Kilatini yanayomtaja Edward wa Nane kuwa ni mfalme na kaizari wa Bara Hindi. Upande wa pili kuna pembe za ndovu zilizolikumbatia tundu, na mwaka 1936. Hapo pana kejeli ambayo mafundi hawakuikusudia: taji lililochorwa ni taji ambalo mtu huyo hakuwahi kuvikwa, na mahali ambapo pengekaa kichwa chake pana tundu tupu.

MWAKA 1936 KATIKA GUSII

Siku hizo hapakuwa na Wilaya ya Nyamira, wala kaunti. Nyamira ilijitenga na Kisii mwaka 1989 na kuwa wilaya, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Mwaka 1936 nchi yote ya Gusii, pamoja na Waluo wa kusini na Wakuria, ilikuwa chini ya wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, na makao ya mkuu wa wilaya yalikuwa mjini Kisii.

Fedha ya chuma haikuingia Gusii kwa heri. Iliingia nyuma ya bunduki. Baada ya vita vya mwaka 1905 na vile vya 1908, wakati Otenyo alipomchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote, watu walitakiwa kulipa kodi ya nyumba. Kodi haikutaka wimbi, haikutaka mbuzi; ilitaka sarafu. Kabla ya hapo Mgusii alihesabu utajiri wake kwa ng'ombe, na alibadilishana nafaka na majirani zake wa Kiluo. Sasa ilimbidi amtafute mtu mwenye sarafu na amfanyie kazi.

Tena sarafu yenyewe haikutulia. Kwanza ilikuwa rupia. Mwaka 1920 ikaja florini, na kabla watu hawajaizoea, mwaka 1921 ikaja shilingi. Mtu aliyeweka akiba yake chini ya kitanda aliamka mara mbili akaambiwa kwamba hesabu imebadilika. Ukijua hayo utafahamu kwa nini wazee wengi wa bara waliendelea kuamini ng'ombe kuliko fedha. Ng'ombe habadilishwi jina na mtu aliye London.

Walakini katikati ya miaka ya 1930 upepo uligeuka kidogo. Serikali iliwaruhusu Waafrika wa Kisii, pamoja na wa Meru na Embu, kuanza kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelihodhi kama mali ya ukoo wao. Mashamba yalikuwa ya majaribio, madogo, tena chini ya macho ya maofisa. Vijana wengine walivuka kwenda Kericho kuchuma chai katika mashamba ya makampuni. Mjini Kisii walikuwako wenye maduka wa Kihindi. Walikuwako pia Wanubi, wazawa wa askari wa Kisudani, ambao ni ndugu zetu katika dini. Sokoni mama aliuza ndizi, mtama na vyungu. Katika biashara ndogo kama hizo noti haikuwa na kazi. Iliyotembea ni senti.

Ndipo likaja jina la Edward. Lilikuja kimya, limechanganyika na la babake, na punde likafuatwa na la nduguye. Mchumaji wa chai hakujua kwamba senti aliyolipwa ina jina la mfalme aliyekwisha kujiuzulu. Aliifunga katika ncha ya leso, au aliitunga katika uzi pamoja na nyenziwe, maana tundu lile lilimfaa mtu asiye na mfuko, akatembea nayo mpaka nyumbani. Mfalme aliyeikimbia kazi yake aliendelea kutumikishwa na wakulima wa Gusii kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka Kenya huru ilipopata sarafu zake na zile za kikoloni zikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Na jambo hili liliwagusa watu wa pwani vilevile. Mwaka huohuo wa 1936 Unguja iliacha rupia yake ikaingia katika shilingi ya Afrika ya Mashariki, kila rupia kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo senti za Edward ni miongoni mwa sarafu za mwanzo za shilingi kuzunguka Darajani na Mkunazini. Mkulima wa Keroka na muuza kahawa wa Unguja, ambao hawakupata kuonana, walishika shaba moja mwaka mmoja.

Hata maneno yalisafiri pamoja nayo. Pesa tuliipata kutoka Bara Hindi, na Wagusii nao wakaipokea wakaiita chibesa. Senti tano iliitwa ndururu katika vinywa vya watu wengi wa Kenya. Thumuni yetu ni Kiarabu, maana yake sehemu moja ya nane, nayo ikaja kuwa senti hamsini. Mfuko wa mtu mmoja ulikuwa na Mhindi, Mwarabu na Mwingereza, wote wakikaa pamoja bila ugomvi.

"SHABA NI SHABA"

Leo sarafu hizi zinakwenda wapi? Ukizunguka masoko ya Daraja Mbili na Keroka utazikuta penye vyuma chakavu, zimerundikwa na makufuli mabovu na vipande vya nyaya. Kijana mmoja muuza vyuma pale Keroka, mji uliokaa mguu mmoja Kisii na mguu mwingine Nyamira, nilimuuliza bei yake.

"Mzee, hizo napima kwa kilo."

"Hata yenye jina la Edward?"

"Shaba ni shaba, mzee wangu."

Hakuwa na utovu wa adabu, na kwa biashara yake alisema kweli. Ila upande wa pili wapo walaghai wenye hatari kubwa kuliko yeye. Hao huja vijijini na kusema kwamba sarafu yenye tundu ni ya mamilioni, kwamba yuko tajiri wa ng'ambo anaingoja, na kwamba kinachotakiwa ni ada ndogo tu ya kuipeleka kupimwa. Mjane anauza mbuzi alipe ada. Baada ya ada ya kwanza inakuja ya pili, ya cheti, na ya tatu, ya ndege. Kisha simu haipokewi tena. Mwerevu mmoja amekula, na mama wa watu amebaki na senti yake na deni.

Basi na isemwe wazi, gazetini, mahali ambapo kila mtu ataiona: senti tano na senti kumi za Edward wa Nane si adimu. Zilipigwa kwa mamilioni. Iliyochakaa kwa matumizi, kama zilivyo nyingi za vijijini, haipiti sana bei ya chakula cha mchana mkahawani. Ile pauni ya dhahabu ya milioni moja ni kitu kingine kabisa, na haikupata kuzunguka sokoni. Anayekuambia vingine, mwambie anunue yeye mwenyewe papo hapo, kwa fedha taslimu. Utamwona anavyovaa viatu.

ENZI NZIMA NDANI YA LESO

Je, kwa kuwa si ghali, haifai kukusanywa? La hasha. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Anayetaka sarafu za Richard wa Tatu lazima awe tajiri. Anayetaka enzi nzima ya Edward wa Nane katika Afrika ya Mashariki anahitaji sarafu tano tu. Kuna senti tano za aina mbili na senti kumi za aina tatu. Tofauti iko katika herufi ndogo: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni cha Kings Norton, na senti kumi isiyo na herufi ilipigwa London. Mwalimu wa shule ya msingi wa Nyansiongo anaweza kuzikamilisha zote kwa subira ya miezi michache, na pale watakapoulizwa wafalme waliokamilika, yeye anaye mmoja.

Asiyezoea na ajihadhari na mambo mawili. La kwanza, mwaka 1936 peke yake si dalili, kwani ziko sarafu za mwaka huo zenye jina la George wa Tano. Soma jina: tafuta Edwardus, ambalo limeandikwa kwa V mahali pa U kwa mtindo wa Kilatini. La pili, usiisugue. Sisi wa pwani tukiona shaba imefifia mkono unakwenda wenyewe kwenye ukwaju na majivu, kama tufanyavyo kwa sinia na mabirika. Sinia litang'aa, sarafu itakufa. Ule weusi uliokaa juu yake kwa miaka mingi ndio ngozi yake, na mnunuzi anayejua akiona imechunwa huirudisha. Ifunge katika karatasi kavu, uiweke mbali na unyevu, maana vilima vya Gusii havina uchache wa mvua, na kutu ya kijani haina huruma.

Na sheria haitakulindia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Senti ya 1936 ni changa mno kwa mizani hiyo. Mtu anaweza kuiyeyusha leo mchana kweupe akatengeneza bawaba ya mlango, na hakuna askari atakayemuuliza. Mlinzi wake ni mwenye nyumba peke yake.

KILICHO ADIMU

Lakini nimeacha kwa makusudi jambo lililo kubwa kuliko yote. Nimesema senti si adimu. Kilicho adimu ni habari yake. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1936 alizaliwa 1926. Akiwa hai ni mkongwe wa umri mkubwa sana, na wa rika lake wanahesabika. Senti ilitoka wapi? Ilikuwa ujira wa siku ngapi Kericho? Ilikuwa bei ya kahawa ya kwanza ya nyumba hiyo? Ilikuwa sadaka iliyosahauliwa kupelekwa misheni ya Nyanchwa au Nyabururu? Ilikuwa ya kodi, ikabaki kwa sababu karani alikosea kuhesabu? Kwa nini bibi aliificha chini ya pishi la wimbi badala ya kuitumia? Majibu hayo hayamo kwenye vitabu vya bei za sarafu vya London. Yamo vinywani mwa watu wachache, na kila msimu wa mvua wanapungua.

Wajuzi wa sarafu wa Ulaya wanajua kila kitu kuhusu senti hii isipokuwa jambo moja: nani aliitumia. Wanajua kiwanda, uzani na herufi. Hawajui mama aliyenunua chumvi kwayo. Jambo hilo hakuna mwingine awezaye kuwaambia ila wajukuu wa Gusii, nao wakitaka kulisema ni lazima waulize leo.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa kijana wa Kisii au Nyamira mwenye senti yenye tundu nyumbani ni fupi. Usiiuze kwa kilo, wala usimlipe mtu ada. Keti na babu au bibi, ikiwa Mungu amekuachia. Kama hayupo, keti na mzee wa jirani. Mpe sarafu aishike, maana mkono hukumbuka yale ambayo kichwa kimeyasahau. Andika asemayo, kwa Ekegusii chake au kwa Kiswahili, pamoja na jina lake na mahali, na karatasi hiyo uifunge pamoja na sarafu. Siku ukiiuza au ukiirithisha, viende pamoja. Shaba iliyo peke yake ni chakula cha mchana; shaba yenye habari ni urithi.

Tarehe 11 Desemba 2018 Kenya ilizindua sarafu mpya zisizo na kichwa cha mtu yeyote, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu binafsi kutiwa katika fedha zetu. Badala ya rais amewekwa twiga, kifaru, simba na ndovu. Ilikuwa ni miaka 82 kamili, siku kwa siku, tangu Edward wa Nane aache ufalme. Sidhani kama wenye kupanga walikumbuka. Ila watu wa Gusii wangeweza kuwaambia kwamba sarafu isiyo na sura waliishika zamani, ikawanunulia chumvi kama nyingine, na tundu lake halikumpunguzia mtu haki yake.